Mlima Koya wa Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mlima Koya, au Koyasan kama Wajapani wanavyouita, uko katika mkoa wa Wakayama, kusini mwa jiji la Osaka. Ni makao makuu ya dhehebu la Kibuddha la Shingon, na kwa zaidi ya miaka 1,200 umepokea wafalme, mahujaji, watu walioshindwa vitani na mifupa ya wafu kutoka kila pembe ya Japani. Maswali yaliyokusanywa hapa yanagusa mambo mengi, lakini karibu majibu yote yanarejea kwenye imani moja, nayo ni kwamba mwanzilishi wa mlima huu, mtawa Kukai, hakufa, bali amekaa humo akisubiri.

Je, Koya ni kilele kimoja kama Fuji?

Hapana. Mtu anayetarajia kuona kilele kilichosimama peke yake atafika Koya na kuuliza mlima wenyewe uko wapi. Koya ni bonde tambarare lililo juu milimani, kwenye mwinuko wa takribani mita 800, likizungukwa na vilele vilivyofunikwa na misitu. Waumini huhesabu vilele vinane na kuona katika mpangilio wake umbo la ua la yungiyungi lililochanua, ua ambalo katika sanaa ya Kibuddha ndilo kiti cha Buddha. Ndani ya bonde kuna mji mdogo wenye posta, shule, maduka, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1886 na mahekalu zaidi ya 100.

Kukai alikuwa nani, na kwa nini alichagua mahali pa mbali namna hiyo?

Kukai alizaliwa mwaka 774 katika kisiwa cha Shikoku. Alipelekwa mji mkuu kusomea elimu ambayo ingemfanya ofisa wa serikali, lakini aliiacha na kuingia milimani kujinyima na kusali. Mwaka 804 alisafiri kwenda China pamoja na ujumbe wa serikali ya Japani, akafika Chang'an, jiji ambalo wakati huo lilikuwa miongoni mwa majiji makubwa kuliko yote duniani. Huko alipokewa na mwalimu aitwaye Huiguo, ambaye katika miezi michache alimrithisha mafundisho yote ya siri ya dhehebu lake, kisha akafariki kabla mwaka haujaisha. Kukai alirejea Japani mwaka 806, mapema sana kuliko alivyopangiwa, akiwa amebeba sutra, yaani maandiko ya Kibuddha, michoro mitakatifu na vyombo vya ibada.

Mwaka 816 alimwandikia Mfalme Saga kuomba apewe Koya. Katika barua hiyo alieleza kwamba ujanani aliwahi kutembea kutoka Yoshino, siku moja kuelekea kusini na siku mbili kuelekea magharibi, hadi akafika kwenye uwanda huo uliojificha. Alilalamika pia kwamba nchi ilikuwa na mahekalu mazuri mijini ilhali watu wanaofanya taamuli milimani walikuwa wachache mno. Umbali, basi, ndio hasa aliokuwa akiutafuta. Ombi lilikubaliwa mwaka huohuo. Hata hivyo Kukai hakujitenga na dunia: mwaka 823 alikabidhiwa hekalu la Toji katika mji mkuu, Kyoto, na inajulikana pia kwamba alisimamia ukarabati wa bwawa la kumwagilia mashamba la Mannoike katika eneo alikozaliwa. Alikuwa mshairi na mwandishi wa hati za kupendeza, na Wajapani hadi leo humhesabu kati ya mabingwa watatu wa mwandiko wa zama zake.

Jina la heshima analojulikana nalo zaidi, Kobo Daishi, alipewa mwaka 921, miaka mingi baada ya kuondoka kwake. Mtu akisema "Odaishi-sama" tu mlimani, hakuna atakayeuliza anamaanisha nani.

Kabla ya Ubuddha kufika, je, mlima ulikuwa hauna wenyewe?

Ulikuwa na wenyewe, na simulizi za Koya hazifichi jambo hilo. Inasimuliwa kwamba Kukai alipokuwa akitafuta mahali pa kujenga, alikutana na mwindaji aliyefuatana na mbwa wawili, mmoja mweupe na mwingine mweusi, na mbwa hao wakamwongoza hadi kwenye bonde. Mwindaji huyo alikuwa mungu Kariba, ambaye huitwa pia Koya Myojin. Na mungu wa kike wa eneo hilo, Niutsuhime, ndiye aliyemruhusu Kukai kuitumia ardhi yake. Ndiyo maana kabla ya kujenga majengo makubwa ya Kibuddha, Kukai aliwajengea miungu hao mahali pa kuabudiwa. Vihekalu vyao bado vipo ndani ya uwanja mtakatifu wa Garan, hatua chache tu kutoka kwenye pagoda, yaani mnara wa Kibuddha, na watawa wa Kibuddha husoma sutra mbele yake.

Jambo hili lina uzito. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru Ushinto, dini ya jadi ya miungu ya Kijapani, na Ubuddha vitenganishwe, na kote nchini sanamu ziliondolewa na mahekalu kuvunjwa. Anayetaka kuelewa Wajapani waliishi vipi na dini hizo mbili kabla ya amri hiyo, hapa ataona mfano ambao haukufutika.

Kuna simulizi nyingine inayopendwa sana. Kukai, akiwa pwani ya China, alirusha angani chombo cha ibada chenye ncha tatu akiomba kimwonyeshe mahali pa kufundishia. Miaka baadaye alikikuta kimenasa kwenye msonobari wa Koya. Msonobari unaoenziwa kwa kisa hicho umezungushiwa ua, na kwa kuwa unasemekana kuwa na majani ya sindano tatutatu badala ya mawili, wageni hawaoni haya kuinama na kupekua chini wakitafuta jani lililoanguka ili waliweke kwenye pochi kama hirizi ya heri.

Dhehebu la Shingon linafundisha nini hasa?

Shingon ni Ubuddha wa siri, kwa maana kwamba sehemu kubwa ya mafundisho yake hupokewa moja kwa moja kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, na hayawezi kumalizwa kwa kusoma vitabu peke yake. Katikati yake yupo Buddha aitwaye Dainichi, ambaye si mtu aliyezaliwa na kufa bali ni ukweli wenyewe wa ulimwengu: milima, sauti za maji na miili yetu vyote ni namna yake ya kujidhihirisha. Kutokana na hilo Kukai alifundisha jambo lililowashangaza wengi wa zama zake, kwamba mtu anaweza kuwa Buddha katika mwili huuhuu na katika maisha haya, bila kungoja kuzaliwa upya mara nyingi zisizohesabika.

Njia ya kufika huko ni kuushughulisha mwili, kinywa na moyo kwa pamoja. Mikono hufanya ishara maalumu, kinywa hutamka mantra, yaani maneno matakatifu, na moyo hukazwa kwenye sura ya Buddha. Taamuli inayofundishwa kwa wageni wengi ni ile ya kukaa mbele ya herufi A ya mwandiko wa kale wa Kihindi, iliyochorwa juu ya ua la yungiyungi ndani ya duara jeupe la mwezi, huku mtu akifuata pumzi yake. Ibada ya moto iitwayo goma, ambamo vijiti vya mbao vyenye maombi ya waumini huteketezwa mbele ya sanamu ya Fudo, mlinzi mkali wa mafundisho, nayo ni ya asili ya Kihindi, ikapitia China kabla ya kufika hapa.

Mafundisho haya yamejengwa pia kwa mbao na rangi. Katika Garan imesimama pagoda kubwa nyekundu, Konpon Daito, yenye urefu wa karibu mita 48.5. Ya sasa ilijengwa upya mwaka 1937 baada ya zilizotangulia kuungua. Ukiingia ndani unamkuta Dainichi katikati, Mabuddha wanne wakimzunguka, na bodhisattva 16, yaani watakatifu walio njiani kuwa Buddha, wamechorwa kwenye nguzo. Kwa kawaida mandala, yaani mchoro wa ulimwengu wa Mabuddha, huchorwa kwenye kitambaa na kutundikwa ukutani. Hapa muumini anatembea ndani yake.

Kwa nini husemwa kwamba Kukai bado yu hai?

Mwaka 835, siku ya 21 ya mwezi wa tatu, Kukai aliaga. Waumini hawatumii neno la kifo kuhusu siku hiyo. Wanasema aliingia katika taamuli isiyo na mwisho, na kwamba yumo ndani ya kaburi lake huko Okunoin, amekaa, akiwaombea viumbe wote hadi atakapokuja Miroku, Buddha wa zama zijazo. Mapokeo ya Kibuddha yanasema Miroku atakuja baada ya miaka bilioni 5.67, kwa hiyo subira inayozungumzwa hapa si ya kawaida.

Imani hii haikuenea siku ileile. Kumbukumbu za kifalme za karne ya 9 zina maneno ya rambirambi yanayoashiria kwamba mwili wake ulichomwa kama ilivyokuwa desturi kwa watawa, na wanahistoria wengi huona kwamba fundisho la taamuli ya milele lilipata nguvu katika karne za 10 na 11. Simulizi yenyewe inasema kwamba mtawa aitwaye Kangen, alipopeleka jina jipya la heshima na joho kutoka kwa mfalme mwaka 921, alifungua kaburi, akamkuta bwana wake amekaa na nywele zimerefuka, akamnyoa na kumvika joho jipya. Kwa maoni yangu, anayeishia kwenye ubishi wa kama jambo hilo lilitokea au halikutokea atakosa sehemu kubwa ya habari. Nguvu ya simulizi hiyo inaonekana katika kile ambacho watu wamekifanya kwa sababu yake kwa karne zaidi ya kumi, na maswali manne yanayofuata yote yanatokana nayo.

Je, ni kweli kwamba hupelekewa chakula kila siku?

Ni kweli, tena mara mbili kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 4 na nusu asubuhi, iwe jua au theluji. Chakula, ambacho hakina nyama wala samaki, huandaliwa katika jengo maalumu karibu na daraja la mwisho. Watawa hukiweka ndani ya sanduku la mbao lisilopakwa rangi, na kabla ya kuvuka daraja husimama mbele ya kihekalu kidogo cha Ajimi Jizo, ambaye kazi yake ni kuonja. Baada ya hapo watawa wawili hulibeba sanduku mabegani, wakiongozwa na mtawa mkuu wa huduma hiyo aitwaye yuina, na kuingia katika ukumbi wa taa ulio mbele ya kaburi. Inaelezwa kwamba ni yuina peke yake anayeingia ndani zaidi, na kwamba hasimulii anayoyaona humo. Kila mwaka Kukai huandaliwa pia joho jipya.

Mgeni anaruhusiwa kusimama kando ya njia na kutazama msafara ukipita. Anachotakiwa ni kunyamaza na kutowakatiza njia.

Okunoin ni mahali gani, na kwa nini kuna makaburi mengi kiasi hicho?

Okunoin ni msitu wa makaburi upande wa mashariki wa mji. Kutoka daraja la kwanza, Ichinohashi, hadi kaburi la Kukai kuna njia ya mawe ya takribani kilomita mbili, na pande zote mbili yamejipanga makaburi na minara ya ukumbusho zaidi ya 200,000 chini ya miti ya sugi, aina ya mwerezi wa Kijapani, ambayo mingi ina umri wa mamia ya miaka. Sababu ya wingi huo ni imani iliyotajwa juu: Miroku akija, Kukai atainuka kumlaki, na anayelala karibu naye atakuwa miongoni mwa wa kwanza kuyasikia mafundisho mapya.

Si lazima mwili mzima uletwe. Wajapani huchoma maiti, na kwa karne nyingi familia zimekuwa zikileta Koya sehemu ndogo tu ya mifupa, hasa kifupa cha shingoni, au hata nywele, na masalia mengine hubaki katika makaburi ya nyumbani. Katika zama za kati watawa wazururaji walioitwa hijiri walitembea nchi nzima wakihubiri habari za Koya na kukusanya mifupa hiyo kwa ajili ya watu wasioweza kusafiri.

Mnara unaoonekana zaidi ni gorinto, wenye vipande vitano vya mawe vilivyopandana: mchemraba wa chini ni ardhi, tufe ni maji, paa ni moto, nusu tufe ni upepo, na kito cha juu kabisa ni anga tupu. Mingi imeota kuvu la kijani na mingine imeegama kwa sababu mizizi imeinua msingi wake. Katikati yake kuna sanamu ndogo za Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, zikiwa zimefungwa vitambaa vyekundu shingoni na wazazi waliofiwa.

Ukisoma majina utashangaa nani amelala karibu na nani. Oda Nobunaga, mbabe wa vita ambaye mwaka 1581 aliamuru mamia ya hijiri wa Koya wauawe na kuanza kuuzingira mlima, ana kaburi hapa. Akechi Mitsuhide, jemadari wake aliyemsaliti na kusababisha kifo chake mwaka uliofuata, analo pia. Mahasimu wawili mashuhuri, Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, wamewekwa mahali pamoja, njia ikiwa katikati. Upo pia mnara uliosimamishwa mwaka 1599 na ukoo wa Shimazu baada ya vita vya Korea, wenye maandishi yanayowaombea waliokufa wa pande zote mbili, rafiki na adui. Huo ndio mnara ambao ningemshauri msomaji autafute kabla ya yote mengine.

Je, ni lazima mtu awe muumini wa Shingon ili awekwe Okunoin?

Hapana. Makaburi ya ukumbusho ya Honen na Shinran, waanzilishi wa madhehebu mengine kabisa ya Kibuddha, yamo humo. Kuna hata nakala ya jiwe la kale la China linaloeleza kufika kwa Wakristo wa Mashariki huko Chang'an, iliyosimamishwa mwaka 1911 na mwanamke wa Kiingereza, Elizabeth Anna Gordon, aliyeamini kwamba Ukristo huo na Ubuddha wa Shingon viliwahi kukutana katika jiji alikosoma Kukai.

Nimeona picha ya kaburi lenye umbo la roketi. Je, ni mzaha?

Si mzaha. Makampuni mengi ya Japani yamejenga minara ya kuwakumbuka wafanyakazi wao waliofariki, na baadhi yameipa umbo la kazi zao: roketi ni ya kampuni ya vyombo vya anga, na kampuni ya kahawa imeweka kikombe cha jiwe. Chama cha watu wanaofanya kazi ya kuangamiza mchwa nacho kimeweka mnara wa kuwaombea mchwa waliouawa, kukiwa na maneno ya kuwatakia walale kwa amani. Mgeni anaweza kutabasamu, na Wajapani wengi hutabasamu, lakini maombi hayo hufanywa kwa dhati. Katika Ubuddha kuua mdudu ni kuua, hata kama nyumba ya mtu ilikuwa ikiliwa.

Taa zinazosemekana kutozimika kamwe ni zipi?

Zimo katika ukumbi wa taa, Torodo, ambao dari yake imejaa taa nyingi mno zilizotolewa na waumini. Kati yake mbili zinasemekana kuwaka kwa karibu miaka 1,000. Moja inahusishwa na Mfalme mstaafu Shirakawa, na nyingine ni ya msichana maskini aitwaye Oteru, ambaye kwa mujibu wa simulizi alikata nywele zake na kuziuza ili apate mafuta ya taa ya kuwaombea wazazi wake. Simulizi huongeza kwamba upepo ulipovuma taa za matajiri zilizimika na ya Oteru ikabaki ikiwaka. Hakuna muumini asiyeijua.

Ni kweli kwamba wanawake walikatazwa kupanda?

Ni kweli, na marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 1,000. Mlima ulikuwa na milango saba ya kuingilia, na katika kila mmoja palikuwa na ukumbi wa wanawake, Nyonindo, ambapo waliishia. Umebaki mmoja tu. Wasioridhika kurudi walizunguka juu ya migongo ya vilele kwa njia nyembamba iitwayo njia ya wanawake, wakichungulia mapaa ya mahekalu kwa mbali kupitia miti, na katika sehemu moja wakikaribia upande wa nyuma wa kaburi la Kukai. Njia hiyo bado inatembewa.

Mama yake Kukai mwenyewe hakupanda. Alikaa chini ya mlima katika hekalu la Jisonin, na simulizi husema mwanawe alikuwa akishuka mara tisa kwa mwezi kumjulia hali. Hekalu hilo likawa mahali pa sala la wanawake, na hadi leo wanaotafuta mtoto, wanaonyonyesha au wanaougua saratani ya matiti huacha hapo vibao vya nadhiri vyenye umbo la matiti lililoshonwa kwa kitambaa.

Serikali ilifuta marufuku za namna hiyo mwaka 1872, lakini upinzani wa mlimani uliendelea na wanawake hawakuweza kuishi Koya kwa uhuru hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Watetezi wa desturi hiyo walidai kwamba ilikuwa kwa ajili ya nidhamu ya watawa. Hoja hiyo inaeleza udhaifu wa watawa kuliko wa wanawake, na ni vigumu kuona jinsi inavyolingana na fundisho la Kukai kwamba kila mwili unaweza kuwa mwili wa Buddha. Isichukuliwe kwamba jambo hili limekwisha Japani nzima: kilele cha Sanjogatake katika milima ya Omine, ambacho pamoja na Koya kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2004, bado hakiruhusu wanawake.

Je, mlima umewahi kukaribia kuangamia?

Zaidi ya mara moja. Mwaka 994 radi iliwasha moto ulioteketeza karibu majengo yote ya Garan, watawa wakatawanyika na mlima ukabaki karibu mtupu, hadi mtawa aitwaye Joyo, maarufu kama Kishin, alipoanza kuufufua mwaka 1016. Ziara ya Fujiwara no Michinaga, mtu mwenye nguvu kuliko wote serikalini wakati huo, mwaka 1023, iliwafungulia njia wakubwa wengine. Hatari ya Nobunaga ilikwisha alipokufa. Mrithi wake, Toyotomi Hideyoshi, aliutishia mlima mwaka 1585, na uliponea kwa sababu mtawa Mokujiki Ogo alikwenda kuzungumza naye na kukubali watawa wasalimishe silaha na ardhi nyingi. Hideyoshi baadaye akageuka mfadhili na kujenga hekalu kwa ajili ya mama yake mahali palipo sasa Kongobuji, hekalu kuu. Na katika jengo hilohilo mwaka 1595 mpwa wake, Hidetsugu, alilazimishwa kujiua.

Mahujaji wa zamani walipandaje?

Njia kuu inaanzia Jisonin na kupanda kwa zaidi ya kilomita 20. Imewekwa nguzo za mawe 180 hadi Garan na nyingine 36 kutoka hapo hadi Okunoin, kila moja ikiwa takribani mita 109 kutoka nyingine. Zilikuwa za mbao hadi kazi ya kuzibadili kwa mawe ilipoanza mwaka 1265 na kukamilika miaka 20 baadaye. Kila nguzo imechongwa herufi ya kale ya Kihindi inayowakilisha Buddha au bodhisattva fulani, na mahujaji walisimama kusali mbele ya kila moja. Anayetembea bila kusali huchukua saa sita au saba.

Wapo pia wanaokuja Koya baada ya kumaliza kuzunguka mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku. Hao hubeba fimbo, na huamini kwamba fimbo ni Kobo Daishi mwenyewe anayetembea nao. Wakifika Okunoin humpa taarifa kwamba safari imekwisha.

Watawa wanaishije siku hizi? Je, wanaoa?

Wengi wanaoa. Serikali iliwaondolea watawa makatazo ya ndoa na nyama mwaka 1872, na mahekalu mengi sasa hurithiwa na watoto. Hilo huwashangaza wageni waliozoea watawa wa Thailand au Sri Lanka, lakini mafunzo bado ni magumu. Pombe nayo haikupata kukatazwa kwa ukali unaodhaniwa: mlimani huiita "maji ya hekima", na chini ya jina hilo humiminwa bila fadhaa.

Je, mgeni anaweza kulala hekaluni, na atakula nini?

Anaweza. Takribani mahekalu 50 hupokea wageni. Chumba huwa na mikeka ya tatami, godoro hutandikwa sakafuni, bafu la pamoja hutenganishwa kwa jinsia, na asubuhi na mapema wageni hualikwa kwenye ibada, ingawa hawalazimishwi. Chakula ni cha kitawa: hakina nyama, samaki, vitunguu wala vitunguu saumu. Utakuta mboga za msimu, supu, wali, tofu laini ya ufuta, na ile tofu iliyogandishwa na kukaushwa, ambayo imechukua jina la mlima na huliwa Japani yote. Huletwa katika vibakuli vidogo vingi juu ya meza ya miguu mifupi.

Mimi ni Muislamu, au Mkristo. Je, kuna tatizo nikienda?

Hakuna anayeulizwa dini yake, na hakuna anayelazimishwa kusujudu. Anayetazama ibada anaweza kukaa nyuma kimya, na hilo linatosha. Muislamu aulize mapema kuhusu viungo, kwa kuwa chakula kisicho na nyama kinaweza kuwa kimepikwa kwa pombe ya mchele au mirin, pombe tamu ya kupikia. Mahekalu mengi yanayozoea wageni wa nje hulielewa ombi hilo likitolewa wakati wa kuweka nafasi. Jambo moja la kuangaliwa ni ibada ya kechien kanjo, inayofanyika mwezi wa Mei na wa Oktoba, ambamo mshiriki hufungwa macho na kurusha ua juu ya mandala ili ajue ni Buddha yupi aliyefungamana naye. Hiyo si maonyesho ya watalii. Ni kiapo cha kidini, na asiyekusudia kukila asijiandikishe.

Ni adabu gani zinazotakiwa Okunoin?

Ukifika daraja la tatu, Gobyobashi, simama, inamisha kichwa, vua kofia. Kuanzia hapo hairuhusiwi kupiga picha, kula wala kuvuta sigara. Daraja lina mbao 36, na zikijumlishwa na daraja lenyewe hupatikana 37, idadi ya watakatifu wa mandala ya Almasi. Waumini huvuka kana kwamba Kobo Daishi amekuja hadi hapo kuwapokea. Kabla ya kuvuka wengi humwagia maji sanamu zilizojipanga kando ya mto kuwaombea marehemu wao. Ng'ambo kuna kibanda kidogo chenye jiwe la Miroku: unaingiza mkono mmoja tunduni na kujaribu kulipandisha kutoka rafu ya chini hadi ya juu, na inasemekana huwa zito kwa mwenye dhambi nyingi.

Ninafikaje, na niende wakati gani?

Kutoka stesheni ya Namba, Osaka, treni za Nankai hupanda hadi Gokurakubashi, ambapo unabadili na kuingia behewa linalovutwa kwa kamba kwenye reli ya mwinuko mkali, safari ya dakika tano hivi. Juu kuna basi, na ni lazima ulipande, kwa sababu watembea kwa miguu hawaruhusiwi kwenye barabara ya kutoka stesheni hadi Nyonindo. Majani hubadilika rangi mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, na vyumba hujaa. Agosti 13 jioni njia ya Okunoin hupangwa mishumaa kwa maelfu, na yeyote anaweza kuwasha wake. Januari na Februari kuna theluji na mahekalu ya kale hupitisha baridi. Anayetoka nchi za joto achukue soksi nzito, maana viatu huachwa mlangoni na sakafu ni za mbao.